Askofu wa Ng'ambo ya Mto

Nimewauzia watu wa Thorpe Haddow bia tangu nilipoolewa hapa, na sijapata kuona mtu aliyeyamaliza maisha yake kwa jambo dogo kama Clement Thrussell. Wengine waliyamaliza kwa mbio za farasi, wengine kwa wanawake, na mume wangu aliyamaliza kwa bia yetu wenyewe. Hao nawaelewa. Clement aliyamaliza kwa mpaka, tena mpaka usioonekana kwa macho.

Mwaka 1927 wakubwa wa Kanisa walikaa wakaona dayosisi ya Wolverbury imekuwa kubwa mno kwa askofu mmoja. Wakaimega, na lile pande wakalifanya dayosisi mpya ya Ketterham. Ketterham ni mji wa viwanda vya viatu. Kanisa kuu lake lilikuwa kanisa la kawaida la sokoni lililopandishwa cheo, na askofu wake wa kwanza alipewa nyumba iliyokuwa ya daktari wa meno. Kijiji chetu kiko upande huu wa mto Nabb, upande wa Wolverbury, lakini siku zile barabara nzuri ilikwenda Ketterham, basi tukatupwa huko na kanisa letu la Mtakatifu Botolph. Hakufa mtu. Ng'ombe waliendelea kukamwa. Ila baba yake Clement, aliyekuwa mzee wa kanisa, alilia mbele za watu, na Clement alipozaliwa alikuta kilio kile bado kinasimuliwa kila Jumapili wakati wa kula nyama na viazi.

Alikua, akawa muuza mbegu na dawa za kondoo, mrefu, shingo kama ya bata mzinga. Baba yake alipokufa akaurithi uzee wa kanisa kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Sebuleni kwake, pale watu wanapotundika picha za watoto, palikuwa na picha ya kanisa kuu la Wolverbury, minara yote mitatu. Ukikaribishwa chai, lazima uitazame kwanza.

"Miaka elfu, Queenie," ananiambia. "Miaka elfu watu wanasali pale. Na Ketterham je? Viatu!"

"Nawe umevaa nini miguuni, Bwana Thrussell?"

Anaendelea na minara yake. Mtu wa aina hiyo hana masikio, ana mdomo tu.

Vituko vyake vikubwa vilikuwa kwenye sala. Katika makanisa yetu mtu mmoja husimama kuwaombea watu wote: wagonjwa, wafiwa, Malkia, na askofu kwa jina lake. Clement alijitwalia kazi hiyo, na kila Jumapili alimwombea askofu wa Wolverbury. Huyu wa Ketterham, aliyekuwa akitupa kasisi, hakutajwa kabisa, kana kwamba hajazaliwa. Makasisi walikuja, wakamkanya, wakachoka, wakahama. Huku baani tulimwita Ishirini na Saba, kwa ule mwaka wake wa msiba, naye alidhani tunamheshimu.

Nisingekuwa na haja naye kama si mkewe. Enid alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkimya, hakujaliwa mtoto, na duniani alikuwa na kitu kimoja tu: kinanda cha Mtakatifu Botolph. Kinanda cha mabomba, cha zamani, chenye kikohozi kama cha babu. Jumanne na Ijumaa jioni alikuwa akifanya mazoezi, nami nilikuwa nikifungua madirisha ya baa hata wakati wa baridi ili nimsikie. Wateja walinung'unika, nikawaambia asiyetaka aende akanywe maji ya mto. Akiwa pale juu ya kile kiti, Enid hakuwa mke wa mtu. Alikuwa Enid.

Basi siku moja akaja askofu wa Ketterham kuwawekea mikono vijana wa kipaimara. Jina lake Stanley Grubb, mwana wa fundi viatu, mfupi, mwenye mikono mipana, na alikuja kwa basi. Alipoingia kanisani alisimama mlangoni akavua kofia, akatazama dari la mwaloni kwa muda mrefu. Kumbe katika dayosisi yake yote ya matofali mekundu, kanisa letu ndilo lililokuwa la kale kuliko yote. Lilikuwa lulu yake. Alipiga picha yake akaiweka kwenye kalenda ya dayosisi, na mnara ulipopata ufa yeye ndiye aliyetafuta mafundi. Kinanda pia alikileta fundi kutoka Ketterham akakizibua mapafu.

Siku hiyo ya kipaimara, askofu ameketi palepale mbele, Clement akasimama na fimbo yake ya uzee wa kanisa. Nilikuwepo kwa ajili ya mpwa wangu. Akakohoa, akasema kwa sauti ya kunadi kondoo, "Tumwombee askofu wetu, askofu wa Wolverbury!"

Watu wote kanisani walitazama viatu vyao. Enid aliinamisha kichwa juu ya kinanda. Nami nilitamani ardhi immeze mumewe, fimbo na yote.

"Amina!" akasema Askofu Grubb, kwa sauti kuliko sote.

Baadaye alikuja baani akaagiza bia na kipande cha pai ya nguruwe. Clement alimfuata, nadhani akitaka ugomvi.

"Umenisikia nilivyoomba?" akamwuliza.

"Nimekusikia, ndugu yangu. Endelea kumwombea. Namfahamu yule bwana, anahitaji sala kweli kweli."

Baa iliangua kicheko. Mtu mwenye akili angecheka pia, akanunua bia, mambo yakaisha. Clement alitoka nje bila kufunga mlango, na tangu siku hiyo akaapa kwamba hatakufa ndani ya dayosisi ya mwana wa fundi viatu.

Akaanza kuomba kijiji kirudishwe Wolverbury. Miaka ilikwenda hivyo. Akaacha kuuza mbegu, akawa anawauzia watu mpaka. Mkulima anakwenda kununua dawa ya minyoo, anatoka na hotuba. Kijiji kilimwacha aendelee kwa uvivu tu, na uvivu huo ni wetu sote. Enid peke yake ndiye aliyemwambia neno, tena mbele yangu, mlangoni pa kanisa.

"Clement, mimi sikuzuii. Ila ukilihamisha kanisa, kinanda changu je?"

"Kinanda! Mwenzangu, Wolverbury ndiko kwenye watu wanaojua kinanda ni nini. Watakienzi."

"Grubb anakienzi tayari."

"Mwacha asili ni mtumwa, Enid."

"Asili yako wewe," akasema, akaingia ndani kufanya mazoezi.

Askofu Grubb alistaafu, na aliyemfuata hakuwa na subira yake. Alipoulizwa kama ana pingamizi, alisema wachukuliwe tu, na tume ya mipaka ikakubali. Mpaka ukarudi mtoni. Clement alinunua suti mpya. Akatoa stoo bendera ya zamani ya baba yake, iliyoliwa na nondo, akatupanga barabarani tumpokee askofu wa miaka elfu.

Askofu hakuja. Alimtuma shemasi mkuu, ndiye anayemsimamia askofu mambo ya majengo, Peregrine Vane, bwana mmoja mwenye sauti laini na viatu vya bei mbaya. Alimpa Clement mkono bila kumtazama, akaipita bendera, akaingia kanisani. Alikaa humo kwa muda ambao mimi hutumia kuosha bilauri chache. Alipotoka alikuwa akijipangusa vumbi.

"Zuri," akasema. "La kijijini."

"Dari lile ni mwaloni wa kale, mheshimiwa," akasema Clement. Shingo ilikuwa imemrefuka.

"Eh, ndiyo. Tunayo mengi ya namna hii, Bwana Russell. Mazuri zaidi, kusema kweli. Kila bonde lina lake. Hatujui tuyafanyie nini."

"Thrussell," nikamwambia mimi. Clement mwenyewe hakumsahihisha. Nilimwona akitabasamu, naapa, kama mbwa aliyepigwa teke na mfalme.

Mwaka haukupita, Wolverbury ikatangaza kulifunga kanisa la Mtakatifu Botolph. Waumini wachache, mnara mbovu, na makanisa bora yako karibu. Huko Ketterham tulikuwa lulu. Wolverbury tulikuwa kokoto ndani ya gunia la kokoto. Watu baani walisema tumeruka majivu tukakanyaga moto, na kwa mara ya kwanza walisema mbele ya uso wa Clement. Bwana Vane alipokuja kuchukua funguo, Enid alimsogelea.

"Samahani, baba. Na kinanda?"

"Kinanda kipi, mama?"

Naye Vane alikuwa amekiegemea.

Enid hakulia. Alifunga kifuniko, akachukua vitabu vyake vya nyimbo, akatoka. Nilimtazama Clement, nikingoja aseme chochote kile, amshike Vane koo, amwombe mkewe radhi, aanguke. Alimkabidhi Vane funguo kwa mikono miwili. Nilimdharau siku hiyo kwa namna ambayo hata marehemu mume wangu sikupata kumdharau, naye alikuwa akilala kwenye banda la kuku.

Jumapili iliyofuata Enid alivuka daraja. Ng'ambo ya Nabb kuna kanisa la matofali nyuma ya kiwanda cha viatu, baya la sura, lenye kinanda ambacho hakikuwa na mpigaji. Walimpokea kama mvua. Clement alikuwa akimpeleka kwa gari hadi darajani, anasimamisha upande wetu, Enid anashuka na kuvuka kwa miguu, mvua au theluji, na vitabu vyake chini ya koti. Yeye anabaki ndani ya gari mpaka ibada iishe. Nilimkuta siku moja, nikagonga kioo.

"Bwana Thrussell, mkeo anapiga kinanda pale. Kwa nini usiende kumsikiliza?"

Akateremsha kioo kidogo. "Ile si dayosisi yangu, Queenie."

"Na hii yako imekupa nini?"

Akapandisha kioo.

Enid aliugua kifua na kufa kabla ya Pasaka. Alikuwa amesema mapema, na kwa sauti, azikwe ng'ambo, karibu na kinanda chake kipya. Clement alivuka daraja siku hiyo kwa sababu jeneza lilivuka, na hakuwa na la kufanya. Alikaa benchi la mbele na ile suti aliyoinunua kumpokea askofu ambaye hakuja. Kanisa lilijaa wafanyakazi wa kiwanda, na wengi walikuwa wakilia. Mwanamke mmoja wa kiwandani aliyekaa kando yangu aliniuliza kwa kunong'ona kama yule mzee mkavu ndiye mume.

Aliyeongoza ibada ni Stanley Grubb, mzee sasa, mwenye mkongojo. Alikuwa amekuja kwa basi. Akamwombea Enid, akaiombea mikono yake iliyotupigia kinanda miaka yote ile. Sisi sote tukaitika Amina, na Clement midomo yake haikutikisika. Akamwombea mume wake, kwa jina. Tukaitika. Clement kimya. Akawaombea wafiwa wote na kanisa lile na mji wa Ketterham. Kimya, amekaza taya, mkewe yuko ndani ya sanduku mbele ya magoti yake.

Grubb akafunga kitabu chake cha sala. Alimtazama Clement bila chuki, jambo ambalo mimi nisingeliweza. Kisha akasema taratibu, "Na tumwombee askofu wa Wolverbury."

"Amina," akasema Clement Thrussell, kwa sauti ya kunadi kondoo, peke yake, maana sisi wengine tulikuwa tumeduwaa. Ndiyo Amina moja tu aliyoitoa siku aliyomzika mkewe.