Mtani Alipokuja Kumlilia Mama

Naudhika mpaka leo nikisikia mtu akisema mama yangu alipoteza akili. Hakupoteza akili. Alipoteza maneno. Hayo ni mambo mawili, na nitayatenganisha mbele ya yeyote atakayeyachanganya.

Kiharusi kilimkuta asubuhi, nyumbani kwetu Chemchem, akichambua kisamvu. Mkono na mguu wa kulia vililegea. Tuliporudi kutoka hospitali alikuwa amebakiwa na neno moja tu: "juzi." Ukimwuliza kama ana njaa, juzi. Akitaka dirisha lifunguliwe, juzi. Akiona hatumwelewi alilia kwa hasira, na hasira ile ilikuwa yake kabisa, ile ile aliyokuwa akiwashushia wauza mkaa wanaojaza majani chini ya gunia.

Daktari, mama mmoja mpole, aliniambia niweke kidole juu kidogo ya sikio langu la kushoto. Humo ndani, alisema, ndimo ubongo wa watu wengi unamotengenezea maneno, na kwa mama humo ndimo damu ilimokosa kufika. Kumbukumbu zina makao mengine. Hofu, huzuni na furaha zina mizizi ndani zaidi, na huko hakukuguswa.

"Anakujua, anakumbuka, na mengi anayaelewa," alisema. "Msimzungumzie kama vile hayupo."

Lakini wageni walifanya kile kile alichokikataza. Walimpa shikamoo ya haraka kisha wakanigeukia mimi: analala? anakula? Naye ameketi pale pale, macho yakimfuata kila anayesema. Nilitamani kuwafukuza wote. Wanakwaya wenzake wa Moravian walipokuja kumwimbia, aliimba nao ubeti mzima, maneno yote mahali pake, nami nikapiga vigelegele. Mjomba, kaka yake mkubwa kutoka Lusu, alitikisa kichwa.

"Hata redio inaimba, mwanangu," akasema. "Mdogo wangu hayumo tena humu. Tumpeleke nyumbani Lusu, na nyumba hii tuifunge."

Alisema kwa uchungu, maana anampenda. Lakini alisema mbele yake, na mama akaushika ukingo wa kiti kwa mkono wake mzima. Nyumba ile aliijenga mwenyewe baada ya baba kufariki. Nikamwambia mjomba haendi mtu. Akanijibu kwamba hilo litaamuliwa na kikao cha ukoo, Jumamosi.

Jumamosi ukoo ukaja, wanaume kwa wanawake, wakajaa uani. Mjomba alikuja na gari la kukodi, godoro limekwisha kutandikwa nyuma. Jirani yetu wa nyumba ya tatu aliona gari, akaona godoro, akaona nyuso zile, akadhani mama amefariki. Jirani huyo ni Mzaramo, na Mzaramo kwetu Wanyamwezi ni mtani tangu enzi za misafara, babu zetu walipobeba pembe za ndovu kwa miguu hadi pwani. Msibani mtani ana ruhusa zake. Anaweza kumsema marehemu, kubeba nguo zake, hata kulala mahali pa maiti, na hakuna wa kumkasirikia.

Basi akaingia amejipaka majivu usoni, akakivuta kitenge cha mama kutoka kwenye kamba.

"Mpagazi wangu kafa!" alipaza sauti. "Kitenge hiki changu! Huko aendako akabebe mizigo uchi!"

Akaingia sebuleni hivyo hivyo, akakuta marehemu ameketi kitini anamtazama. Nilidhani jirani atazimia kwa aibu.

"Mwizi we!" mama akasema. "Weka chini kitenge changu, mla nazi mkubwa!"

Alisema yote, sawasawa kabisa. Uani wakacheka mpaka wakashikana. Jirani akaanguka miguuni pake akicheka na kulia. Hata mjomba alicheka, kisha akajizuia.

"Hayo ni matusi," alisema. "Yametoka tu."

Na hapo alikuwa na ukweli kidogo. Daktari alishanieleza kwamba nyimbo, sala na matusi yaliyozoeleka huweza kupita njia nyingine kichwani, si ile tunayotungia sentensi mpya. Mama mwenyewe alijaribu kuongeza neno, ikatoka juzi, juzi. Lakini sikukubali ukweli kidogo umalize habari nzima.

"Mjomba, nani amemwambia kwamba aliyeingia ni mtani?" nikamwuliza. "Kitenge amejuaje ni chake? Na mbona wewe unayemhamisha hajakutukana? Kama hayumo humu, nani anayechagua wa kumtania na wa kumheshimu? Muulize mwenyewe."

"Nimuulize nini?"

"Hilo mnalotaka kumwamulia."

Alisita. Kisha mzee mzima yule akachuchumaa mbele ya kiti.

"Mdogo wangu, unataka twende Lusu?"

Mama akatikisa kichwa. Mjomba, mtu wa hadhari, akaligeuza swali.

"Unataka kubaki hapa?"

Akakubali kwa kichwa, mara mbili, kwa nguvu. Mjomba akaongeza swali la tatu.

"Umenikasirikia?"

Mama alimtazama machoni, akainamisha kichwa taratibu, akakiinua tena.

"Nisamehe," mjomba akasema. Alimwambia yeye, hakuniambia mimi.