Yule Mama wa Kwenye Santuri

Kijana wa duka la santuri kuukuu alipofungua boksi langu, harufu ya moshi wa kuni ilinipiga usoni, nikawa mtoto tena uani kwa kukhu, bibi yangu, kule Lugari.

Sahani zile za santuri aliachiwa na mzungu mwenye shamba, siku alipofunga virago kurudi kwao. Zilikuwa za opera, na lugha yake hakuna aliyeijua. Kukhu hakuzipiga kwa raha, alizitoa kwenye matanga tu. Gramafoni iliwekwa kwenye stuli kando ya jeneza, mpini ukazungushwa, na yule mama wa kizungu akapaza sauti mpaka wanawake waliochoka kulia wakaanza upya.

"Huyu amefiwa," kukhu alisema. "Mtu haliangi hivi bure."

Sasa huyu kijana anapekua simu yake na kuniambia opera haina soko! "Na zimekwaruzika, mama. Labda nikutengenezee saa ya ukutani kwa sahani moja."

Saa! Naye akachukua sahani ya juu, akaipitishia kidole kama anayekagua sufuria iliyotoboka.

"Ona hapa, imekwisha kabisa. Nani aliiharibu hivi?"

Nilimnyang'anya. Hapo ndipo kukhu alipokuwa akiirudisha sindano, yule mama alie tena, na tena, mpaka jua likatua, siku tuliyomzika mwanawe, baba yangu.