Kanga Juu ya Pampu

Niliifunika. Miezi mingi nilikana, tena kwa sauti ya mtu aliyefika chuo kikuu, lakini niliifunika, kwa kanga yangu mpya.

Ilikuwa pampu ndogo ya kujazia matairi upepo, ile inayochomekwa garini kwenye tundu la kuwashia sigara. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa akiziuza kibandani kwake Singida mjini. Biashara za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa, vitu vya Dubai vimejaa kila kona, naye alipata mzigo kwa mali kauli: tajiri mmoja wa Dar es Salaam alimwamini tu, alipe akishauza.

Siku hiyo nilikuwa nampeleka baba mkwe kwake Sekenke. Alikaa nyuma, mimi mbele, tukiwasiliana kwa kukohoa, kama inavyompasa mtu na mkwewe. Kabla ya kufika Shelui tairi likalegea. Nikachungulia nyuma: amelala. Nikawasha pampu, ikanguruma kama mashine ya kusaga. Nimwamshe mzee kwa makelele yale? Nikafungua kanga kiunoni, nikaizungushia pampu vizuri. Kelele zikapungua. Baada ya muda zikaisha kabisa.

Nikachomoa, nikachomeka tena. Injini ilikuwa inaunguruma, umeme upo. Nikafungua ncha ya plagi: fyuzi nzima. Ndipo nikaondoa kanga. Plastiki ilikuwa imelainika kama ugali, na harufu ya kuungua ikanipanda puani. Nikaitukana kwa Kinyiramba, polepole, matusi ambayo mama yangu aliamini siyajui. Dereva wa lori akasimama, akatujazia upepo kwa mpira wa lori lake. Mzee hakufumbua jicho.

"Shemeji, umeniuzia takataka," nilimwambia.

"Hukuifunika? Tajiri anasema ikikosa hewa inaungua."

"Mimi nifunike mashine? Kwani sikusoma?"

Akaniamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Akagombana na tajiri wake kwa neno langu, wakarushiana maneno msimu mzima, hadi tajiri akasema: kubali imefunikwa, au mzigo hupati tena. Shemeji akafunga maboksi, aende Dar es Salaam kumrudishia kila kitu. Mke wake akaja kwangu Unyambwa, akaniuliza kwa upole kama nina hakika. Nikamwambia ninayo. Nikampa na chai.

Jioni hiyo simu ikalia. Alikuwa baba mkwe, ambaye hakuwahi kunipigia hata mara moja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mkwe, siku ile sikulala."

Nikatafuta kiti.

"Nilifumba macho nikupe nafasi. Ungefanyaje kazi nikikutazama? Kanga niliiona. Mdogo wenu anapanda basi kesho alfajiri. Mwambie wewe mwenyewe, nisimwambie mimi."

"Ndiyo, baba."

Akakohoa kidogo. "Yale matusi sikuyasikia," akasema, akakata simu.