Barua Iliyosomwa Uani

Nikinusa gundi ya bahasha, hasira hunipanda mpaka leo. Mniwie radhi. Harufu hiyo hunirudisha kwenye ua wa nyumba tuliyopanga Majengo, Pumwani, miaka ya hamsini, na kwa Bwana Sefu.

Sefu alikuwa karani mjini, na chumba chake kilikuwa cha mbele. Nyumba nzima ni yeye tu aliyejua herufi za Kizungu, basi wanawake walimpelekea barua zao. Mtu mwenye adabu angewasomea pembeni, kwa sauti ya chini. Yeye alipenda uani, penye watu.

Mama alijua kusoma. Hilo mlishike. Alisoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na kwa herufi hizo alimwandikia baba aliyekuwa kazini Mombasa, naye akimjibu vivyo hivyo. Siku ile barua ikaja kwa herufi za Kizungu. Baba alikuwa ameandikiwa na mtu. Mama, mikono imejaa unga, akasema, "Bwana Sefu, nitazamie, tafadhali."

Sefu akasimama katikati ya ua, akapaza sauti kama dalali mnadani. Ilikuwa talaka. Aliisoma yote, mpaka pale baba aliposema ameshaoa mwingine. Kisha akaongeza yake: "Wewe mama, hata A huijui, mume angekaa nawe afanye nini?" Ua mzima ukaangua kicheko. Mama akaipokea karatasi, akarudi kukanda unga wake.

Nilimchukia yule mtu, wee! Nilikuwa na miaka tisa, nikaapa barua ya mama haitamfikia tena. Kila nyama ilipoletwa kutoka soko la Burma, nilibandua gazeti lililoifunga, damu na yote, nikamkimbilia Akinyi, binti wa jirani aliyesoma shule ya misheni. "Hii ni nini? Na hii?"

"Kwani unakimbizwa?" aliniuliza, amechoka nami.

Nikarudi kwetu mbio. Nilichora herufi ukutani kwa makaa, kila moja nikimchoma nayo Sefu jichoni.

Mwaka haukuisha, wanawake wakaanza kuniletea mimi barua zao. Niliwasomea kwa kunong'ona. Sefu akinipita hunisonya, nami humsonya mara mbili.

Baadaye nikawa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Watu hunisifu kwa huruma yangu. Huruma gani! Ilikuwa hasira tupu, na nilichelewa sana kukubali kwamba haikuwa kwa Sefu peke yake. Siku ile ua ulipocheka, nilikuwa nimesimama mlangoni, nami nilicheka. Mama aliinua macho, akaniona.