Kunguni Katika Kitabu cha Zakaria

Kama unataka kucheka, cheka sasa tumalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, wala sikuwa usingizini. Ilikuwa jioni, saa kumi na mbili na nusu, watu bado wanapita barabarani, na mimi nilikuwa na akili zangu zote. Haya ninayokuambia yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Nairobi, miaka ile ya Hali ya Hatari.

Nilikuwa tarishi katika ofisi moja mjini. Nilikaa Kilimani kwa ndugu yangu mkubwa, Petro, aliyekuwa mpishi wa Mzungu. Chumba chake kilikuwa nyuma ya nyumba kubwa, karibu na banda la kuni: kitanda kimoja chake, mkeka mmoja wangu. Petro ndiye aliyeniombea ruhusa kwa memsahib, bibi wa nyumba ile, naye akakubali shingo upande. Elewa jambo hili vizuri. Petro akipoteza kazi, amepoteza chumba, na amepoteza karatasi iliyomruhusu kuishi mjini. Angepandishwa treni arudi kwetu magharibi, kwa mke na watoto wanne waliomtegemea yeye tu.

Ugonjwa wangu mimi ulikuwa kusoma. Mjini palikuwa na chumba cha vitabu cha Waafrika, lakini ili upewe kadi ya kuazima ulihitaji barua ya mwajiri. Bwana wangu alinitazama kama mtu aliyeombwa farasi. Akaniuliza tarishi anataka vitabu vya nini, na huo ukawa mwisho wa mazungumzo.

Pale ofisini palikuwa na karani aliyeitwa Zakaria. Mtu mkavu, hana salamu na mtu, anakohoa kutwa. Hakunipenda, nami sikumpenda. Alipolazwa katika hospitali kule juu ya mji hakutoka tena, na mimi nikatumwa nikasafishe mtoto wa meza yake. Nikakuta kitana kilichovunjika, kadi ya maktaba, na kitabu kinene chenye jalada jekundu, habari za safari za mito ya mbali. Kadi nikaitia mfukoni. Kitabu nikakitia kwapani. Ungefanya nini wewe? Nilijiambia maiti hasomi.

Siku ya kukirudisha ilipofika, nilikuwa sijafika hata nusu. Nikaenda nacho kwenye chumba cha vitabu. Mzee wa mezani hakuinua macho. Akasoma kadi, akauliza, "Zakaria?"

Nikasema, "Naam."

Akapiga muhuri, akaniongezea wiki mbili. Usidhani niliona haya. Nilitoka pale nikipiga mluzi.

Sasa, kunguni mwenye njaa unamjua? Anakuwa mwembamba kama karatasi. Anaingia kule nyuma ya mgongo wa kitabu, pale kitambaa kinapoachana na gundi, anatulia. Wewe unafungua, unasoma mambo ya mito, yeye anangoja ulale. Zakaria alikuwa akilala na kitabu chini ya mto, katika chumba ambacho kunguni walidondoka kutoka darini. Hilo niliambiwa baadaye, wakati halinisaidii tena.

Alhamisi moja Petro alikuwa akiandaa supu mezani, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi, wageni wamekaa. Kunguni akatoka ndani ya mkono wa kanzu, akatembea polepole juu ya kitambaa cheupe mbele ya macho ya memsahib. Hakupiga kelele. Alingoja wageni waondoke, akamfuata Petro jikoni.

"Jumamosi asubuhi mimi nataka ona kitanda yenu," akamwambia. "Kama iko dudu moja, moja tu, wewe na ndugu yako kwenda."

Petro alirudi chumbani akatikisa kila kitu tulichokuwa nacho. Alipokishika kitabu changu kwa majalada yake mawili na kukikung'uta, wakaanguka watano juu ya saruji.

"Ni wewe," akasema. "Nimekuweka kwa nyumba yangu, unaniletea hii."

"Sikujua, ndugu."

"Choma hiyo kitabu. Choma sasa hivi."

Nikakataa. Kitabu kilikuwa na muhuri wa maktaba. Kingepotea wangemtafuta Zakaria, wakimtafuta Zakaria wangenipata mimi. Basi nikakifunga kwa gazeti, nikakitia ndani ya debe lenye kifuniko, nikaahidi kukirudisha kesho yake. Usiku ule Petro alimwaga maji ya moto kwenye kila ufa wa ukuta na mafuta ya taa kwenye kila kiungo cha kitanda. Asubuhi akakitoa kitanda juani pamoja na godoro.

Ijumaa baada ya kazi nikaenda kwa mzee wa mezani. Akapokea kitabu, akaangalia kadi.

"Zakaria, hutaki kingine?"

"Naam, lakini si leo," nikasema.

Nyuma yangu mtu akakohoa. Kikohozi kile nilikijua. Nilikuwa nimekisikia mwaka mzima, meza ya tatu kutoka dirishani. Sikugeuka. Niamini, shingo yenyewe ilikataa.

Nikashika njia ya kupanda kilima kuelekea Kilimani. Kikohozi kikapanda nami. Nikiharakisha, nacho kinaharakisha. Penye ua mrefu wa miiba akanifikia, tukawa tunatembea bega kwa bega. Koti lilikuwa lile lile la ofisini, na mkono wake mmoja ulikuwa ukijikuna, ukijikuna, bila kupumzika.

Akaniuliza, "Wameshiba?"

Nikasema, "Nani?"

"Wadudu wangu. Ile damu waliyoingia nayo kwako ni yangu. Walininyonya mpaka siku nilipobebwa."

Akapandisha mkono wa koti. Sitakueleza yote niliyoyaona, maana bado ninakula chakula. Ngozi ilikuwa ikitembea. Nikaitoa kadi, nikamnyoshea, nikamwambia achukue, ni yake, nimekosa. Hakuishika.

"Mimi siitwi hivyo tena," akasema. "Uliulizwa, ukaitika. Leo umeulizwa tena, ukaitika. Kama Zakaria ni wewe, basi mimi nani? Mimi ni tarishi. Naenda kulala kwa ndugu yangu."

Akatangulia. Hakukimbia, lakini mimi niliyekimbia sikumpata. Nilianguka mara mbili, nikararua suruali. Nilipofika uani, Petro alikuwa nje anapiga pasi kanzu yake ya kesho, na kitanda kimekwisha kurudishwa ndani, kisafi, kinanuka mafuta ya taa.

Akanitazama juu mpaka chini. "Ulitokea wapi tena? Si umeingia sasa hivi?"

"Nani ameingia?"

"Wewe. Umepita hapa bila salamu, ukaenda kulala kwa kitanda yangu, na viatu. Nimekuita, unanikoholea tu."

Tukaingia na taa. Hapakuwa na mtu. Blanketi lilikuwa limebonyea umbo la mtu aliyelala chali, na ndani ya umbo lile walijaa, kutoka kichwani hadi miguuni, wanene, wamevimba damu. Petro hakupiga kelele. Alitoa sauti ndogo kama mtu aliyefinywa, kisha akaanza kuwaua kwa viganja vyake.

Tulichemsha maji mpaka kuni zikaisha. Saa mbili asubuhi memsahib akaja na fimbo, akainua pembe ya godoro. Alikuwepo mmoja tu, katika mshono. Mmoja ulitosha.

Jumatatu Petro alipanda treni. Hakupata tena kazi ya mjini, na mtoto wake mkubwa aliacha shule mwaka ule. Mimi nilibaki, nikahamia upande mwingine wa mji. Kila nilipokwenda nyumbani nilimweleza Petro habari hii kama ninavyokueleza wewe, nikaapa, nikalia mbele ya mke wake. Alinijibu jambo moja kila mara: "Nilikuona na macho yangu." Kinachoniumiza ni kwamba hakusema uongo. Alikufa hajaniruhusu kulala chini ya paa lake hata usiku mmoja.

Kwa hiyo, wewe unayeazima kitabu, kianike juani kabla ya kukiingiza ndani, ukitazame mgongo, ukikung'ute mbali na kitanda. Lakini hilo ni dogo. Likiitwa jina la mtu mwingine, hata kama hayupo, hata kama una hakika hayupo, funga mdomo. Mimi niliitika mara mbili. Mpaka leo nikifika kwa watoto wa Petro wananisalimu vizuri, wananipa chai, na wananitolea kiti nje.