Nilivyonunua Jina la Mama Mkwe

Mmekuwa mkiniuliza kwa nini wanawake wa kikundi cha korosho kule Kitangari wakiniona wanaguna kwanza ndipo wanaitikia salamu, nami siku zote nimekuwa nikiwaagizia soda ili mbadilishe mazungumzo, lakini leo acha niseme tu. Nilifanya jambo la kijinga, nikalifanya mbele ya wakwe, na nilikuwa nimevaa kanzu mpya.

Mambo yalianzia dukani kwangu hapa Masasi, kwenye hiki kisteshenari changu cha kutoa kopi na kuchapa barua. Mnajua msimu wa korosho ukiisha mji unavyopoa, siku nzima unaingia mteja mmoja na yeye anauliza njia, na mtu asiye na kazi akiwa na bando kwenye simu hujikuta amejiunga na makundi ya ajabu. Mimi nilijiunga na kundi la watu wanaonunua majina ya tovuti. Biashara yenyewe, kwa asiyeijua, ni hivi: kila tovuti ina jina lake, kama anwani ya nyumba, na jina hilo linasajiliwa kwa ada ya mwaka, na anayewahi ndiye mwenyewe. Unawahi jina zuri leo kwa fedha kidogo, kesho anakuja tajiri analitaka, unamtajia bei yako.

Nikanunua majina kumi. Moja lilikuwa refu hivi kwamba mimi mwenyewe mwenye mali nilikuwa nakosea kuliandika. (Hilo ndilo kosa letu sisi wageni wa biashara hii, tunanunua majina yanayotupendeza sisi, hatujiulizi kama kuna binadamu yeyote anayeyahitaji, halafu tunasahau kwamba ada inarudi kila mwaka, liuzike lisiuzike.) Mwaka ukapita na hakuna aliyenipigia, isipokuwa bwana mmoja aliyekosea namba, ambaye nilimshikilia kwenye simu muda mrefu nikidhani anaona haya kusema shida yake.

Ndipo mjuaji mmoja wa kundi akaandika: acheni kubuni majina, tafuteni biashara inayokua ambayo haina tovuti, muwahi jina lake, wenyewe watawafuata. Kundi zima likampongeza. Sikujiuliza kama kuna haki ndani yake (baadaye ndiyo nikasoma kwamba mwenye biashara anaweza kukushtaki, ukanyang'anywa jina na usirudishiwe hata ada), mimi niliinua macho tu, na juu ya kaunta kulikuwa na pakiti ya korosho za kukaanga niliyokuwa natafuna tangu asubuhi. Imeandikwa vizuri kwa rangi nyekundu: Korosho za Somoe. Nikatazama mtandaoni, jina liko huru. Nikalilipia hapo hapo, nikaweka na tangazo, "Jina hili linauzwa", na namba yangu ya biashara, ile laini ya pili ambayo hata Rehema hakuwa nayo.

Rehema ndiye niliyekuwa nimemchumbia. Ni mwalimu wa shule ya msingi kule Lisekese, na mama yake anakaa Kitangari, na mama huyo mimi nilimjua kwa jina la Mama Rehema, basi. Mtu wa mbali akisikia habari hii huniuliza ilikuwaje nisijue jina la mama mkwe wangu. Ningelijuaje? Kwetu mwanamke akishapata mtoto wa kwanza jina lake la usichana analikunja na kuliweka, anaitwa kwa mtoto wake mpaka anazikwa, na mwenye adabu hamsogelei mtu mzima akamuuliza, hivi wewe hasa unaitwa nani. Rehema alikuwa akisema "kikundi cha mama" au "korosho za mama", na akitoka kwao aliniletea korosho kwenye mfuko mweupe usioandikwa kitu. Nilikuwa nakula za mfukoni na za pakiti, nikisema za mama yake Rehema ni tamu zaidi, kumbe jiko ni moja.

Siku moja ile laini ya biashara ikaita.

"Shikamoo," nilisema, maana sauti ilikuwa ya mama mtu mzima.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliye nalo hili jina la Somoe kwenye mtandao?"

"Ndiyo mama, linauzwa."

Akanieleza, kwa upole kabisa, kwamba yeye na wenzake wamepata mnunuzi wa Dar es Salaam anayetaka wawe na tovuti, na binti wa katibu wao alipolitafuta jina akakuta tangazo langu. "Tuachie, mwanangu. Hilo ni jina langu."

Nami nikavaa sauti ya ofisini, sauti ambayo sijui niliitoa wapi, nikamwambia: "Mama, mtandaoni hakuna jina la mtu. Kuna jina lililosajiliwa." Nikamtajia laki nane.

"Haya, mwanangu," akasema, "asante." Akakata simu. Hiyo asante inaniuma mpaka leo.

Wiki tatu baadaye tukaitwa Kitangari. Barua ya posa ilikuwa imeshafika kwao, na mjomba wake Rehema (kaka wa mama yake, ambaye kwao ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mpwa wake) akasema kabla ya kujibu wanataka wanione. Tukakodi gari dogo, mimi, shangazi yangu na baba yangu mdogo aliyekuwa mshenga. Tulipofika tukawekewa ndoo nzima ya maji tunawe, nanyi mnajua maji ya kule yanavyotoka mbali, nikajisikia mtu wa maana sana. Mama Rehema akatoka kunisalimia. Niliinamisha macho kama mkwe anavyotakiwa, nikasema shikamoo. Hakuitikia mara moja. Kisha akasema, "Marahaba, mwanangu." Nikadhani ni haya za wakwe.

Tulikula wali kwa kuku, nikala kwa aibu wakati njaa ilikuwa inanimaliza, na vyombo vilipoondolewa mjomba akakohoa.

"Kabla ya jibu la barua," alisema, "tuna shida moja, na tumesikia mkwe wetu ni mtu wa kompyuta. Kuna mwizi amechukua jina la dada yangu huyu. Somoe. Ameliweka mtandaoni, anatuuzia."

Nikamtazama dada yake. Dada yake alikuwa Mama Rehema. Jasho lilinishuka mgongoni mpaka nikahisi kanzu inanata. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, na ningesema tu yangeisha, lakini mdomo wangu ulifunguka wenyewe ukasema: "Mtu wa namna hiyo hana malezi, mjomba."

"Huyo jandoni alikwenda kulala," shangazi yangu akadakia.

"Kwetu sisi mtu kama huyo hapewi hata maji ya kunywa," akamalizia baba mdogo, na mimi nikatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu anayewasikitikia wazazi wa mwizi.

Mjomba akafurahi. Akachukua simu ya dada yake, akanipa. "Basi mpigie wewe, mkwe. Ninyi mnaelewana lugha." Kwenye kioo palikuwa pameandikwa Mwizi wa Jina, na chini yake namba yangu.

Nikasema mtandao unasumbua. Nikasema labda mchana huu amelala. Nikasema watu hao wanataka kuandikiwa kwanza, hawapendi kupigiwa, na kila nilivyozidi kueleza ndivyo mjomba alivyozidi kunionea huruma. "Lete hapa," akasema, "kubonyeza mimi najua." Akabonyeza.

Simu yangu ikaita mfukoni mwa kanzu. (Mlio wake nilikuwa nimeuweka juu kabisa kwa sababu ya kelele za mashine ya kopi.)

"Bakari, simu yako," baba mdogo akaniambia, mtu mwema wa Mungu. "Pokea, labda ni mteja."

Mjomba akakata. Yangu ikanyamaza. Akanitazama, akabonyeza tena, yangu ikaita tena. Mara hii aliiacha iite mpaka ikachoka yenyewe, na nyuma ya pazia la mlango nilimsikia Rehema akisema, "Bakari jamani," taratibu, kama mtu aliyeangusha chombo.

Mjomba akasema maneno ya Kimakonde kwa dada yake (mimi Mmakua, niliambulia mawili tu na yalinitosha), akatoa barua yetu ya posa mfukoni, akaiweka mkekani mbele ya baba mdogo. Barua ikirudishwa hivyo, hakuna ndoa.

"Kaka, ngoja," akasema mama yake. "Mimi nilimjua tangu aliposema shikamoo. Nilikuwa namsubiri aseme mwenyewe."

Kisha akanigeukia. Hakugomba. "Mwanangu, tangu nimzae Rehema hakuna anayeniita Somoe. Alikuwa mama yangu tu, naye amekufa. Wenzangu wa kikundi walipotafuta jina la kuandika kwenye pakiti wakasema tuandike lako, wewe ndiye umetufundisha kukaanga. Siku pakiti zilipokuja nilijifungia nazo ndani nikawa nazisoma. Mimi sikuumia kwa ile bei. Uliniambia hakuna jina la mtu."

Nililia, jamani. Nililia mbele ya wakwe na kanzu yangu mpya, nikapiga magoti, nikasema yote, kundi la simu, pakiti juu ya kaunta, ile sauti ya ofisini. Shangazi akawa anaangalia dari. Mama Rehema akasubiri nimalize, akaichukua barua mkekani, akampa baba mdogo aishike. "Nenda ukalirudishe," akaniambia. "Likisharudi uje wewe mwenyewe, peke yako, uniambie."

Kubadilisha jina liwe la kikundi kulichukua siku kadhaa za fomu na barua pepe, na tovuti nikaitengeneza mimi. Rehema siku hizo hakupokea simu zangu, na hakukosea. Ilipokamilika nilipanda basi hadi Newala na bodaboda mpaka Kitangari, nikamkuta mama uani anakaanga. Nikampa simu. Alifuta mikono kwenye khanga, akaisogeza simu mbali kidogo na macho, akasoma jina lake midomo ikicheza, akarudia kulisoma tena. Korosho zilianza kuungua na hakuzijali.

"Mwambie baba yako mdogo alete ile barua," akasema.

Yale majina yangu kumi niliyaacha yafe, kila ada ilipofika sikulipa. Nimeapa, na ninyi ni mashahidi, sinunui tena jina kabla sijauliza ni nani anaitwa hivyo, hata kama ni bibi asiyejua mtandao ni kitu gani. La Somoe tu ndilo ninalolilipia kila mwaka kwa mfuko wangu, na mama mkwe hunipigia wiki moja kabla kuhakikisha, maana kuniamini ananiamini, lakini si sana.

Mtoto wetu wa kwanza akazaliwa wa kike, tukampa jina la bibi yake. Tukiwa Kitangari mtu akiliita jina hilo uani wanaitika wawili, na bibi ndiye anayewahi. Mke wangu ni Mama Somoe. Na mimi watu wananiita Baba Somoe, jina ambalo sikulilipia hata shilingi.