Upenyo wa Shangazi

Msanifu majengo akianza kunieleza mtindo wake ameutoa wapi, huwa simwamini. Wengi wetu waongo. Mmoja atakwambia aliokota kombe ufukweni akaliona paa. Mwingine atakwambia alizaliwa nao. Na mimi siko nje ya kundi hilo. Alipokuja kijana wa gazeti kuniuliza kwa nini kila jengo langu lina upenyo mwembamba ukutani, kando ya mlango wa mbele, usawa wa macho ya mtu mzima, nilimjibu kwamba ni wa kupitisha upepo. Akaandika. Upepo gani wa maana utapita mahali ambapo hata kiganja kinaingia kwa shida? Hakuuliza, nami sikumsaidia.

Upenyo ule niliutoa kwa shangazi yangu. Yeye na baba yangu walizaliwa kwenye vilima vya Umatumbi. Baba aliteremka akalima Kibiti. Dada yake akaolewa mbali zaidi, huko delta, ambako unafika kwa boti kutoka Nyamisati maji yakiwa yamejaa. Mumewe alipofariki alimwachia nyumba ya miti na udongo, minazi kadhaa na jaruba la mpunga. Hawakujaliwa mtoto. Alikuwa amezeekea pale, lakini wenyeji walipomtaja bado walisema “yule Mmatumbi.”

Nilikwenda kwake nikiwa chuoni, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Kibiti yakaanza kujaa mabati na saruji. Mwalimu wetu alikuwa amechoshwa na michoro yetu, yote inafanana, yote imetoka kwenye majarida ya ng'ambo. Alituagiza kila mtu aende likizo, achague nyumba moja ya kwao, aipime kwa mikono yake na kuichora. Alisema mtu hapati mkono wake kwa kunakili. Sikuelewa alichomaanisha, lakini nilipenda safari.

Kumbe delta ilikuwa imefikiwa na habari kabla yangu. Ilisemekana anakuja tajiri kuchimba mabwawa ya kufugia kamba, wale wa kuliwa, na kwamba mikoko na majaruba yote vitakwenda. Tajiri mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona. Kwa hiyo kila mgeni aliyevaa viatu vya kufunga alikuwa yeye, au mtu wake. Mimi nilishuka botini na viatu vya kufunga, na futikamba mkononi.

Nilianza na ukuta wa mbele. Jirani wa shangazi, mzee mmoja mkata boriti, alisimama njiani akanitazama mpaka nikajikwaa.

“Unapima nini, bwana mdogo?”

“Nyumba ya shangazi.”

“Nyumba si hiyo hapo, tunaiona. Unaipima ili iende wapi?”

Nilimweleza habari za chuo, michoro na mwalimu. Alisikiliza kwa adabu, akasema “Ahaa,” na ile ahaa ilinitia baridi. Jioni yake watoto waliokuwa wakinizunguka hawakuonekana tena. Nikisalimia, naitikiwa, kisha mtu anakumbuka ana haraka.

Ukuta ule wa mbele, unaotazama njia, ulikuwa umeoshwa na masika hadi fito zikabaki uchi. Shangazi alikuwa amekwisha kuwaalika watu kuja kuukandika. Huko kukandika si kazi ya mtu mmoja. Mwenye nyumba anachimba udongo, anauloweka, anapika. Majirani wanakuja, wanaume wanakanyaga tope, wanawake wanaleta maji, na ukuta unajaa huku watu wanataniana. Hakuna anayelipwa. Na hakuna anayekataa wazi akialikwa. Asiyetaka husema inshallah, akanyamaza.

Siku ilipofika, shangazi alipika wali wa nazi na samaki, akafunika masufuria kwa ungo. Tukakaa kibarazani. Watu walipita njiani, wakasalimia vizuri sana, wakaendelea na safari zao. Mpaka adhuhuri hakuna aliyesimama. Nilikasirika nikachukua bonge la udongo ili nianze mwenyewe, shangazi akanikamata mkono.

“Weka chini.”

“Kwani wao ni kina nani? Tutaukandika wawili.”

“Ukuta utaukandika,” alisema. “Na kaburi langu? Wewe utakuwa huko Dari Salama kwako. Hawa wasiokuja leo kwenye udongo, unadhani watakuja siku hiyo?”

Hapo ndipo nilipoelewa nimemletea nini. Mjane asiye na mtoto, mtu wa kuja, na sasa anasemwa kwamba amemwita ndugu yake aje kuipima nchi ya watu.

Alininyang'anya futikamba akaitundika kwenye msumari juu ya mlango, kila apitaye aione. Kisha akafanya jambo ambalo sijaona mwanamke wa rika lake akilifanya. Alitoa mapazia yote ya ndani. Akaishi nyuma ya zile fito zisizo na udongo, mbele ya macho ya njia nzima: anakula wanamwona, anasali wanamwona, anasuka ukili wanamwona. Mimi niliona haya nikawa nashinda nje, mchangani. Na kwa kuwa sikuwa na futikamba, nikawa naipima nyumba kwa hatua na shibiri, taratibu, kama mtu anayejinyoosha. Nilijiambia hainihusu wanavyofikiri. Nilikuwa na kazi ya chuo.

Baadaye, ghafla, walikuja. Asubihi moja uwanja ulijaa watu na ndoo, na yule mkata boriti akiwa wa kwanza kukunja suruali. Niliamini wameshiba kuchungulia, wameona hakuna kilichofichwa. Ukuta ulikwisha siku ileile, isipokuwa kando ya mlango, ambapo waliacha upenyo mwembamba usawa wa macho. Niliuona nikacheka kwa uchungu. Nikasema hawa watu, hata wakikusaidia, lazima wabakize pa kukuchungulia.

Nikaendelea na hatua zangu hadi likizo ilipokwisha, na upenyo ule nikauchora kwenye karatasi zangu kwa hasira, mweusi, mkubwa kuliko ulivyokuwa. Mwalimu aliitazama michoro yangu kwa muda mrefu, akaweka kidole pale. “Hapa ndipo ulipo wewe,” alisema. Nikauweka tena kwenye kazi iliyofuata, na iliyofuata, hadi watu wakaanza kuuita wangu.

Jengo langu la kwanza la maana lilikuwa nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, Kibiti. Nilimwalika shangazi aje alale chumba kizuri kuliko vyote. Alifika na kikapu chake, akasimama mbele ya upenyo, akatia vidole.

“Hapa nani anamshuku nani?”

“Hakuna, shangazi. Ni kumbukumbu yako. Ule waliouacha majirani ili wakuchungulie.”

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe.

“Majirani? Ule niliuomba mimi.”

Nilidhani uzee. Akaketi kwenye ngazi, akavua viatu, akanieleza. Watu hawakuja kwa sababu ya zile fito. Walikuja kwa sababu alikwenda kwao, akashika msahafu mbele ya wazee, akaapa kwamba mtoto wa kaka yake hakutumwa na mtu.

“Na mwenyewe sikuwa na hakika,” alisema. “Nilikuwa nakujua ulipokuwa mtoto. Huyo aliyekuja na viatu na kamba ya kupimia sikumjua. Ndiyo nikawaambia waniachie pale kando ya mlango. Nilitaka nikuone ukiwa peke yako nje. Nijue nimeapa kweli au nimeapa uongo.”

“Ukaniona nafanya nini?”

“Ulikuwa unapima,” alisema shangazi. “Kwa miguu. Kila siku, mpaka ulipoondoka.”

Nilianza kueleza tena, chuo, michoro, mwalimu, nikasikia sauti yangu ikiwa ileile niliyomjibu nayo mkata boriti. Alisikiliza kwa adabu. Tajiri wa kamba hakuwahi kufika kijijini kwao, alisema, kwa hiyo sasa anajua sikutumwa. Ila kabla hajajua, ilipita miaka, na kila akiswali alikuwa anaomba asamehewe kiapo kile.

Nilichukua kikapu chake nikampeleka chumbani. Alikagua kitanda, akakagua dirisha, kisha akaniuliza kama mlango unafungwa kwa ndani.